Milima Haikutani

Kadi ni ya manila, rangi ya ute wa yai,
imekunjwa mara nne, imelowa jasho mara saba.
Visanduku saba, kila kimoja na kilima chake,
na Bwana Bulugu, mpima ardhi mstaafu,
na muhuri aliouchonga kwenye soli ya kandambili.
"Vilima saba kabla ya masika," alisema.
"Zawadi hakuna. Atakayemaliza atakuwa amemaliza."

Nilijiandikisha kwa sababu ya goti.
Miaka kumi na tisa nimesimama kwenye chumba cha baridi
nikichuna minofu ya sangara, miguu ndani ya gambuti,
ziwa likinijia vipande vipande juu ya mkanda,
bila wimbi, bila harufu ya asubuhi.
Daktari akasema: tembea, Milembe.
Hakusema: panda.

Isamilo niliupanda kwa hasira.
Bugarika kwa makalio: palipokuwa pembamba nilikaa
nikajivuta kama mtoto anayechelewa kutembea,
na pimbi juu ya jabali wakanitazama
kama wajumbe wa kikao waliokwisha kuamua.
Mkolani mvua ilitukuta, mawe yakawa sabuni.
Mhoja, yule wa benki, kiatu kikaachama mdomo,
akamalizia na soksi, akihesabu hatua kwa Kisukuma,
kila akifika kumi anarudi moja
ili njia isijue imebaki kiasi gani.
Nyamanoro, mbwa.
Kitangiri, upepo uliojaribu kunivua kilemba.
Igogo siukumbuki kabisa,
nakumbuka ndizi niliyoila kule juu.

Mabatini niliuacha wa mwisho, makusudi.
Uko nyuma ya dirisha langu la jikoni.
Miaka yote hiyo nimeosha vyombo nikiupa uso,
nikidhani kuutazama ni kuujua.
Nyumba zimeng'ang'ania mawe kama kupe,
uchochoro unapita chini ya kamba za nguo,
unakata jiko la mtu, unaomba radhi, unaendelea.
"Shikamoo," nilisema, pumzi zikinitoka kama pancha.
"Marahaba, mama. Mmepotea?"
"Hapana. Tunapanda tu."
"Tu?"

Kileleni sikusema kitu.
Ziwa lilikuwa zima.
Miaka kumi na tisa sikuwahi kuliona zima:
visiwa vimekaa kama kuku wanaoatamia,
gugumaji limejikunja kule Kirumba,
meli ya Ukerewe ikichora mstari mweupe
na maji yakiufuta taratibu, bila chuki.
Na paa la kiwanda. Dogo.
Ningeweza kulifunika kwa kidole gumba.
Nililifunika.

Bwana Bulugu akafungua pedi ya wino: imekauka.
Akaitemea mate. Akaipulizia. Akatukana kistaarabu.
Ndipo akatokea binti, Ng'washi, miaka kumi na moja hivi,
ndoo kichwani, shingo haitikisiki,
safari yake ya tatu tangu alfajiri,
akasimama kututazama tulivyolizunguka kopo la wino
kama wagonjwa.
Hakuuliza. Alichovya vidole ndooni,
akadondosha matone mawili.
Wino ukaamka.

Muhuri wangu wa saba umechujuka,
buluu ya maji zaidi kuliko ya wino,
pembeni una alama ya kidole kisicho changu.
"Mkimaliza mnapewa nini?" aliuliza.
"Hakuna," nikamjibu.
Akacheka, akaisawazisha ndoo.
"Hata mimi."

Mhoja akaanza kumpigia hesabu: safari tatu kwa siku,
siku saba kwa wiki, wiki...
akafika kumi, hakurudi moja. Akanyamaza.

Husema milima haikutani.
Yangu imekutana, saba, kwenye karatasi ya mkononi,
na ukiikunja inagusana migongo.
Lakini kushuka hakuna kisanduku.
Goti lilinidai kila jiwe, na riba,
na usiku, dirishani, sinia mkononi,
niliona kibatari kikipanda gizani,
kikisimama, kikipanda tena.
Nikafunga bomba lililokuwa linadondoka.